Njia Nyepesi

Kibao cha maegeshoni nilikiandika mimi:
NJIA NYEPESI. KILOMITA TATU NA NUSU. MUDA: SAA MOJA.
Kila mwaka theluji ikishayeyuka
nachukua kopo la rangi na brashi ya inchi mbili,
napaka alama za kijani, mti kwa mti,
toka daraja la mbao mpaka kinu kilichokufa,
na nikirudi mjini na vidole vya chura
mwenye duka la mikate hunicheka.

Hiyo nyepesi sikuwahi kuipima.

Mwezi wa tano nilimchukua Kaljo, jirani yangu.
Kiharusi kilikuwa kimempitia wakati wa barafu:
neno lenye harusi tumboni,
ila hakuna aliyepiga vigelegele.
Upande mmoja wa mwili ulikwenda fungate
na haukurudi wote.
Daktari alisema, mtembezeni, pawe tambarare.
Nikasema, njia ninayo.

Hatua ya mia: mzizi.
Mzizi huo nimeuruka miaka tisa bila kuuona.
Kaljo aliutazama kama mtu anayesoma mkataba,
akatanguliza fimbo, akafuatisha mguu unaotii,
kisha ule mwingine akauita
kwa jina la mbwa wake aliyekufa zamani.
Ukaja.

Mto ulitupita, kahawia kama chai iliyosahaulika jikoni,
ukiwa na haraka zake.
Kigong'ota aligonga, akanyamaza, akasogea, akagonga,
fundi anayetafuta ukuta ulipo mtupu.
Kangaga zilikuwa bado zimekunja ngumi.
Nikataka kumwonyesha hayo yote
lakini Kaljo alikuwa kazini; macho yake
hayakutoka chini.

Penye uwazi, jua linapoangukia maji,
ndipo alipoinua kichwa.
Kwenye ramani yangu pameandikwa: mandhari nzuri.
"Hapa," akasema. Maneno yalimtoka moja moja,
kama mtu atemaye mbegu.
Miaka thelathini aliendesha mashine ya kukata miti.
Sheria ilisema mita hamsini kutoka majini, usiguse,
naye alikokota utepe wa kupimia ndani ya matope
akiitukana serikali iliyoanguka na ile iliyofuata,
maana misonobari ya ukingoni ilikuwa minene,
fedha iliyosimama wima, na mkono umefungwa.
"Siku moja... nikasogeza kigingi."
Mita ngapi?
Alinionyesha vidole vya mkono mzima, vyote vitano,
akatafuta cha sita kwenye ule mwingine.
Nilimsubiri.
Kilipoinuka, kilinyooka kidogo tu,
kama mtoto asiye na hakika na jibu lake.

Kumbe mandhari yangu nzuri
ilikuwa wizi wa mita sita.

Hatukufika kinuni. Mbele kidogo biva,
yule fundi wa meno ya chungwa,
alikuwa ameangusha mti katikati ya njia,
juu ya alama yangu mpya, ukingoni kabisa mwa maji,
bila utepe, bila kigingi.
Kaljo alicheka mpaka nikaogopa.
Tukaukalia. Nikamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa,
nusu ikaenda kwenye suruali yake,
naye akasema suruali nayo ilikuwa na kiu.

Kilomita moja na kitu. Kwenda na kurudi, saa tatu.

Jumamosi nilirejea na kopo.
Nilikisimamia kibao kwa muda, brashi mkononi.
Nikifute? Niandike nini?
Rangi ikaanza kunidondokea viatuni,
basi nikaenda mpaka kwenye ule mzizi
nikaupaka kijani, wote, toka shinani hadi unapozama ardhini,
ukawa kama nyoka aliyevalishwa sare.

Mwenye duka la mikate alinicheka vidole.
Kaljo alikuwa humo humo, mbele yangu kwenye foleni,
ameshika mkate wa shayiri nyeusi kwa mkono mbaya.
Ukaanguka.
Kila mtu akainama.
"Acheni," akasema,
akauokota kwa ule ule.